Asilimia Tisini ya Daraja

Kabla sijasema lolote, naomba ieleweke kwamba nchi yetu ni nchi nzuri na viongozi wake ni watu wazuri. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo wasomaji wenye tabia ya kusoma habari zetu huku wakiguna na kutikisa vichwa, kana kwamba wao wanatoka mahali ambapo mambo huenda vinginevyo. Mimi ni mtumishi wa Wizara ya Malengo, idara ya itifaki. Cheo changu ni Mtunza Takia, na nitaeleza takia lenyewe ni la nini muda si mrefu.

Nchi yetu hupanga. Wapo majirani zetu wanaojulikana kwa kahawa na wengine kwa mpira wa miguu, lakini sisi tunajulikana kwa Mpango. Kila Mpango una Malengo Makuu, na kila lengo lina namba yake, kamati yake na wimbo wake. Zamani, Mpango ulipofika mwisho, watu walikuwa wakiuliza kama malengo yamefikiwa. Tabia hiyo ilileta karaha kubwa. Waziri mmoja wa Maji aliulizwa habari za maji kwenye harusi ya binti yake mwenyewe, akaondoka kabla pilau haijapakuliwa, na mpaka leo wakwe hawajamsamehe.

Wakubwa wakakaa hotelini wiki nzima kulitafakari jambo hilo. Wakagundua kwamba tatizo la nchi halikuwa malengo kutofikiwa. Tatizo lilikuwa kwamba hatia ilitawanyika ovyo. Huyu alikuwa na kidogo, yule kidogo, kila ofisa anakwenda nayo nyumbani na kukosa usingizi, na kazi za umma zinalala. Wakaamua hatia yote ya serikali ikusanywe mahali pamoja na kushughulikiwa na mtaalamu. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Ofisi ya Mjutaji Mkuu wa Taifa.

Mjutaji Mkuu alipewa nyumba, gari, dereva na posho ya machozi. Ofisa yeyote aliyeshindwa lengo lake alipeleka kosa lake kwenye ofisi hiyo, likagongwa mhuri, na kuanzia hapo dhamiri yake ilikuwa huru kisheria. Utaratibu huu uliwapendeza watu hata nje ya serikali. Nilimsikia jirani yangu, aliyerudi nyumbani alfajiri ananuka pombe, akimwambia mkewe kwamba suala hilo lilishapelekwa kwa Mjutaji. Mkewe alimmwagia maji ya vyombo, lakini huyo ni mwanamke asiyefuata mambo ya serikali.

*

Kila mwisho wa Juni tuna Siku ya Majuto. Uwanja wa Taifa hujaa mpaka watu wanakaa kwenye kuta. Wizara hugawa leso nyeupe zenye nembo yake. Mjutaji Mkuu husimama mbele ya kipaza sauti, hutaja malengo ambayo hayakufikiwa, hulia, kisha hupiga magoti mbele ya Rais, na Rais humsamehe kwa niaba ya wananchi. Hapo ndipo penye takia langu, maana sakafu ya jukwaa ni ya zege na magoti ya Mjutaji ni mali ya umma. Bendi ikishapiga, Mpango mpya huzinduliwa ukiwa na malengo yale yale yaliyopewa namba nyingine, na watu hurudi majumbani wepesi, kama waliotoka kunyoa.

Mjutaji wa wakati ninaousimulia aliitwa Theodori Kasimbazi. Kabla ya hapo alikuwa msomaji wa matangazo ya vifo redioni. Siku ya usaili aliambiwa ajutie uhaba wa sukari, nusu dakika tu, ili waone. Alipofika kwenye neno kilo, mwenyekiti wa usaili alitoka nje kumpigia simu mama yake ambaye hawakuwa wameongea naye kwa miaka. Kazi akapewa palepale.

Alikuwa mtu mpole, mnene kidogo, mwenye kusalimia hata wafagiaji. Nyumbani alikuwa na kuku na mke aliyempenda. Wengi walidhani mtu anayelia kwa kazi huwa na huzuni, lakini Kasimbazi alikuwa mchangamfu kuliko sisi sote. Aliniambia siri yake mara moja tulipokuwa tunapima takia jipya: akitaka kulia alikuwa anafikiria kitunguu, kwanza kukimenya, halafu kukikata. Sikuona ubaya wowote, kwa sababu hata mshahara wangu hautokani na jambo la kweli zaidi ya hilo.

*

Sasa nije kwenye Lengo la Kumi na Saba, yaani Daraja la Lwanzari.

Lwanzari ni kijiji kilichokatwa na mto. Nyumba na mashamba viko upande huu, zahanati na soko viko upande ule. Kiangazi watu huvuka kwenye mawe, mwendo mfupi kuelekea mto unakotoka. Masika mawe hayaonekani, na aliye upande huu hubaki na ugonjwa wake mpaka mvua ziishe. Daraja lao limekuwa kwenye Mpango tangu Mpango wa kwanza, na watu wa Lwanzari wanajua nyimbo zake zote.

Katika Mpango huu Waziri wetu, Mheshimiwa Lugendo, aliapa kwamba mambo yatakwenda kitaalamu. Daraja likagawanywa katika hatua kumi. Kulikuwa na wazo, kamati, ziara ya mafunzo kwenye nchi yenye madaraja, semina ya kupokea mafunzo, nembo, fulana, kibao, jukwaa na uzinduzi. Hatua ya kumi ilikuwa daraja lenyewe. Hatua zote zilipewa uzito sawa, kwa kuwa Wizara yetu haina upendeleo. Tulipomaliza tisa, lengo likawa limefikia asilimia tisini, na hesabu hiyo hata mtoto wa shule angeithibitisha.

Jukwaa lilikuwa zuri. Waziri alitaka apigwe picha akiwa na maji chini ya miguu, kwa hiyo mafundi walijenga kwa mbao kutoka ukingoni, wakaweka ngazi, wakaweka mikono ya kushikia iliyopakwa rangi ya bluu, na kibao juu yake kilichoandikwa DARAJA LA LWANZARI. Jukwaa lilikwenda mbele mpaka pale mto unapoanza kuwa na kina, na hapo ndipo utepe ulipofungwa. Waziri alitembea, akakata utepe, akatabasamu, akageuka, akarudi. Wanakijiji walikuwa wamesimamishwa nyuma ya kamba, kule juu kilimani, kwa usalama wao. Kwa mbali walimwona mtu amesimama juu ya maji na wakapiga makofi. Sisi tukapanda magari tukaondoka. Jukwaa halikubomolewa, kwa sababu kulibomoa hakukuwa hatua mojawapo.

Mwaka huo Siku ya Majuto ilitangazwa moja kwa moja na redio zote. Kasimbazi alipofika Lengo la Kumi na Saba alinyamaza kwanza, akauacha ule ukimya ufanye kazi, kisha akasema:

“Ndugu wananchi, asilimia kumi ya Daraja la Lwanzari imenishinda. Tisini tumeipata, lakini naulilia huu mto kwa ile kumi. Nikilala naiona. Nikila naiona. Watu wa Lwanzari, naomba mnisamehe ile kumi.”

Uwanja mzima ulilia. Mimi mwenyewe nililia na nilikuwa nimeuona mto. Na hapa naomba msomaji anielewe vizuri, kwa sababu ndipo penye utaalamu. Mtu akikulilia hivyo kwa asilimia kumi, utaanzaje kuitilia shaka ile tisini?

*

Masika yaliyofuata, asubuhi moja, mwanamke alikuja ofisini kwetu akakaa kwenye benchi la wageni. Alikuwa na khanga mbili na viatu vya plastiki vyenye udongo mwekundu. Katibu muhtasi, Bi Leokadia, alimwuliza amekuja kwa lengo namba ngapi. Alisema hana namba. Bi Leokadia akamweleza kwa upole kwamba bila namba hawezi kuhudumiwa, akamshauri aende dirisha la jirani ambako namba hutolewa, ila dirisha hilo lilikuwa limefungwa. Mwanamke akasema atasubiri. Alisubiri mpaka saa ya chakula cha mchana, na Kasimbazi alipotoka kwenda kula akamkuta pale, akamsalimia kama alivyomsalimia kila mtu.

“Shikamoo, baba,” yule mwanamke akasema. “Nimeambiwa hapa kuna mtu anachukua hatia za watu. Mimi ninayo moja.”

Kasimbazi angeweza kumwambia kwamba ofisi hupokea hatia ya serikali tu. Lakini nadhani ile sauti ilimgusa pale ambapo kitunguu hakikuwahi kufika. Akamkaribisha ndani. Mimi nilikuwemo, nimeleta takia likaguliwe, na hakuna aliyeniambia nitoke.

Aliitwa Nyamizi, wa Lwanzari. Alieleza bila haraka, akiangalia mikono yake. Mama mkwe wake anaishi ng'ambo ya mto, upande wa soko, na alikuwa ameugua akiwa peke yake. Mvua zilikuwa zimeanza na mawe yalishafunikwa. Jioni moja alifunga uji kwenye kibuyu, akamwita binti yake wa pekee, Kabula, darasa la sita, akamwambia ampelekee bibi. Mtoto aliuliza apite wapi. Akamwambia apite darajani, ambako yeye mwenyewe hakuwahi kufika, maana kiangazi kizima walivuka kwenye mawe. Jirani mmoja aliyekuwa anapita alisema daraja bado halijaisha.

“Nikamjibu, limefika tisini,” Nyamizi alisema. “Nikasema mtu mzima mwenye mzigo angeogopa, lakini mtoto mwepesi, tisini inamtosha.”

Kabula alipanda zile ngazi akashika ile mikono ya bluu. Kulikuwa na mvua na giza lilikuwa linaingia, na mbao zilikwenda vizuri mpaka mahali palipokatiwa utepe. Kibuyu kilionekana kesho yake kimekwama kwenye matete. Mtoto alionekana baada ya hapo, mbali zaidi.

Bi Leokadia, aliyekuwa mlangoni, alitoka akaenda kukaa.

“Nilikusikia redioni, baba,” Nyamizi akaendelea. “Ulivyolia. Nikasema moyoni, mtu hawezi kulia hivi kwa daraja la uongo. Sikulaumu. Nilimtuma mimi. Sasa silali, nikifumba macho najisikia ninavyomwambia apite darajani. Ndiyo nikaja, kama kweli mnachukua, mnichukulie hii.”

Kasimbazi alitoa leso mfukoni, kwa mazoea. Aliishika tu. Macho yake yalikuwa makavu kabisa, na uso ulikuwa umembadilika rangi. Akasema, “Mama, hatia hii si yako.”

“Nilimtuma mimi,” Nyamizi alirudia.

Akamwambia tena kwamba si yake, na yule mama akamjibu vilevile. Waliendelea hivyo mara kadhaa, kama watu wawili wanaosukumiana mzigo mmoja, ila kila mmoja alikuwa anauvuta kwake. Sijawahi kuona jambo lile katika ofisi ya serikali, na halimo kwenye kanuni zetu.

*

Suala likapelekwa kwa Waziri. Mheshimiwa Lugendo alilisoma akafurahi sana. Akatuita sote akatuhutubia kwa kirefu. Alisema kwa miaka mingi serikali imekuwa ikijuta peke yake huku wananchi wakikaa pembeni wakila mahindi, na kwamba hatimaye amejitokeza mwananchi aliyeleta hatia kutoka ngazi ya kaya. Alisema huu ni ushirikishwaji. Hata hivyo haikufaa hatia hiyo ipokelewe, kwa sababu ikipokelewa kila mwenye kosa nchini angekuja na ofisi ingefurika. Ibaki kwa mwenyewe, ilipo salama, ila mwenyewe aalikwe Siku ya Majuto kama raia wa mfano na apewe fulana.

Kasimbazi aliuliza, kwa sauti ambayo hatukuizoea, kama kile kibao cha DARAJA kinaweza kuondolewa mtoni. Waziri alisema kibao ni hatua ya saba, na kikiondolewa lengo litashuka hadi themanini. Akamwuliza Kasimbazi kama anataka kulirudisha taifa nyuma. Kibao kikabaki mtoni, na sisi tukarudi kwenye meza zetu.

Kuanzia hapo akawa mtu mwingine. Aliacha kuchukua posho ya machozi. Mkewe alikuja ofisini kuuliza tumemfanya nini mumewe, maana anakaa bandani na kuku mpaka usiku unaingia, na akiitwa kula anasema asiandaliwe. Tulimwambia ni mzigo wa kazi, na jibu hilo lilikuwa sahihi.

*

Siku ya Majuto ikafika. Niliweka takia mahali pake, mbele ya kiti cha Rais, nikalipiga mikono lichanue. Nyamizi alikalishwa safu ya mbele pamoja na raia wengine wa mfano, amevaa fulana ya Daraja juu ya khanga yake. Alikuwa na leso ya Wizara mapajani, imekunjwa vilevile alivyopewa.

Kasimbazi alipanda akiwa na kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye koti. Karatasi ya hotuba hakuitoa. Hakuenda kwenye takia. Alishuka ngazi za jukwaa kuu, akavuka nyasi, akaelekea safu ya mbele. Mimi nililichukua takia nikamkimbilia, maana kanuni inasema Mjutaji asipige goti popote bila takia. Sikumuwahi. Alipiga magoti kwenye kokoto, mbele ya Nyamizi, na nilipofika nilisimama nalo mkononi, sijui niliweke wapi.

“Daraja la Lwanzari halipo,” alisema, na uwanja wote ukasikia. “Hakuna tisini. Kuna mbao za kupigia picha. Mimi nililijua hilo siku ile. Nililia ili mliamini, na nililia kwa kufikiria kitunguu. Kabula wa mama huyu alipanda zile ngazi kwa sababu ya machozi yangu.”

Alitaka kusema mengine, akaanza kutaja jina la Waziri, lakini sauti ikakatwa na bendi ikaamriwa kupiga. Walipiga wimbo wa Mpango kwa nguvu sana. Katikati ya matarumbeta, mimi peke yangu, kwa sababu ya takia, nilikuwa karibu kiasi cha kusikia alichojibiwa.

“Nyanyuka, baba,” Nyamizi alimwambia. “Umechukua kosa lako, nimekuona. La kwangu bado ninalo.”

Akamshika mkono akamwinua. Wizara ilitangaza jioni kwamba Mjutaji Mkuu alizidiwa na jua. Mimi nilibaki uwanjani kukusanya leso. Miaka yote huwa zimelowa mpaka tunazianika kwenye goli. Mwaka ule zilikuwa kavu zote, na nyingi watu walikuwa wameziacha kwenye viti.

*

Kasimbazi alifukuzwa kazi, akaenda Lwanzari. Tulipata habari zake kwa vipande, kutoka kwa madereva. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kulivunja jukwaa. Alikuwa ametoa mbao chache askari walipofika, wakamweleza kwamba hiyo ni mali ya serikali, na wakasimama wakimwangalia mpaka alipozirudishia na kuzigongomea zote. Basi akajenga kibanda cha nyasi kando ya ngazi akawa anakaa hapo. Kila aliyekuja kuelekea kwenye mikono ya bluu, mkubwa kwa mdogo, mzawa kwa mgeni, alimsimamisha na kumwambia kwamba hakuna daraja. Kiangazi aliwasindikiza hadi kwenye mawe. Masika aliwarudisha nyumbani. Wapo waliomtukana, kwa kuwa walikuwa wamesikia redioni kwamba lipo, na yeye aliwajibu kwamba aliyewaambia redioni alikuwa yeye.

Nyamizi hakusema naye mwanzoni. Baadaye akawa anamwachia bakuli la viazi kwenye jiwe, bila salamu, na kesho yake anachukua bakuli lililooshwa.

Masika mawili yakapita hivyo. Kisha Wizara ikatuma watathmini. Hao ni vijana wasomi wenye buti za mpira, wanaokuja kupima kama lengo limefikiwa. Waliuliza kijijini ni watu wangapi wamezama katika masika hayo mawili. Wakaambiwa hakuna. Waliuliza tena wakaambiwa hakuna hata mmoja. Wakafungua Mpango, wakasoma shabaha ya Lengo la Kumi na Saba, nayo ilikuwa imeandikwa wazi: kukomesha vifo vya kuzama Lwanzari. Wakarudi mjini mbio.

Waziri aliitisha waandishi wa habari siku hiyohiyo. Nilikuwepo, nimemshikia maji.

“Daraja ni nini?” aliwauliza. “Ni vyuma? Ni saruji? Huo ni mtazamo wa kizamani. Daraja ni matokeo. Wananchi hawazami, kwa hiyo daraja lipo. Kuanzia leo Lengo la Kumi na Saba limekamilika kwa asilimia mia, na fungu lake la fedha linafungwa.”

Waandishi walipiga makofi. Mimi nilipiga polepole kwa sababu ya ile glasi. Nilimfikiria Kasimbazi, amekaa mbele ya kibanda na redio yake ndogo, anasikia kwamba kwa kusimama kwake pale amelijenga daraja, na kwa hiyo halitajengwa tena. Niliona vibaya sana. Nikajiambia kwamba hisia hiyo ingekuwa na mahali pa kupelekwa, ila lengo lililofikiwa halina wa kulijutia.

*

Mjutaji mpya aliyeteuliwa hapigi magoti, hurekodiwa studio, kwa hiyo takia langu halikuwa na kazi. Cheo nilibaki nacho. Nikapewa shughuli ya kwenda Lwanzari kubandika kibao cha shaba cha ukamilishaji.

Nilifika alasiri mvua ikinyesha. Dereva alikataa kushuka kilima kwa sababu ya utelezi, nikashuka kwa miguu, kibao kwapani, nyundo na misumari mfukoni. Mto ulikuwa umejaa, umechafuka, una sauti. Mikono ya bluu ilikuwa bado inang'aa, na kwa kweli ukiitazama kwenye mvua unaona daraja.

“Rudi,” sauti ikaniambia. “Hakuna daraja hapo.”

Alikuwa Nyamizi, amekaa mlangoni mwa kile kibanda, amejifunika gunia. Hakunikumbuka. Nilimwuliza aliko Mzee Kasimbazi. Aliniambia kwamba tangu aliposikia redio hakula, alikuwa anasema ameua daraja. Alitaka kwenda mjini kuwaeleza wakubwa kwamba halipo, lakini kila akitaka kuondoka anatazama ngazi anarudi.

“Nikamwambia nenda, nitakaa mimi,” alisema. “Nilikuwa siwezi kupatazama hapa. Sasa nakaa.”

Sikumwambia kwamba Kasimbazi alikuwa amefika. Amekaa kwenye benchi letu la wageni mwezi wa pili sasa, na Bi Leokadia, huku akiangalia pembeni, humwambia kila asubuhi kwamba lengo lake limeshafungwa. Ilikuwa taarifa ya ndani ya ofisi.

Nyamizi akaniuliza nimebeba nini. Nikamwonyesha. Akasema yeye hajui kusoma, nimsomee. Nikamsomea: Daraja la Lwanzari, limekamilika kwa asilimia mia, chini ya uongozi wa Mheshimiwa Lugendo. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kinabandikwa wapi. Nikamwonyesha nguzo ya ngazi, usawa wa macho, kama maelekezo yalivyosema.

Hakunizuia. Nilipiga misumari yote minne huku nikihisi macho yake mgongoni, nikapiga picha ya ushahidi, nikafuta simu kwa shati. Nilipogeuka alikuwa amesimama karibu nami, anakitazama kibao.

“Watoto wa hapa wote wanajua kusoma,” alisema. “Kabula pia alikuwa anajua.”

Nikamwambia mimi nimetumwa tu.

“Najua. Mimi ndiye ninayejua kutuma.” Akajifuta mvua usoni. “Nitakaa hapa, lakini mimi ni mtu, nitaugua, nitakwenda msibani. Siku mtoto mmoja akinipita, mama yake atakuja kuniuliza. Jina lako nani, baba, nimwambie?”

Mvua ilikuwa imezidi. Juu kilimani dereva alikuwa anapiga honi. Nilimtazama yule mama, na nilikuwa na jina, nililopewa na wazazi wangu, jina fupi tu.

Nikamtajia cheo changu.